Kisahani cha Nyumbani

Katika maabara ile kulikuwa na desturi ambayo wageni waliicheka mpaka walipoizoea. Kila jaribio jipya lilipoanza, mtu mmoja alitakiwa kuleta kitu kutoka kwake, kitu anachokiamini kwa moyo wote, kikapimwe pamoja na sumu. Profesa ndiye aliyeianzisha. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba kalamu, na alikuwa akisema kwamba mtafiti asiye na kitu anachokiamini ni mwongo, na asiyekubali kukipima ni mwongo zaidi. Basi watu walileta. Mmoja alileta asali ya babake, mwingine sabuni ya kuogeshea mtoto, mwingine majani ya chai. Vyote vilipita salama, na kila kilipopita, mwenyewe alitembea siku nzima kifua mbele utadhani yeye ndiye aliyezaa nyuki.

Safari hii zamu ilikuwa ya Darubini. Jina hilo alipewa nyumbani angali mdogo, kwa tabia yake ya kuchungulia kila kitu, hata masikio ya wageni, nalo likamfuata mpaka kazini ambako kwa bahati nzuri lilimfaa. Kazi yake ilikuwa kulea seli za ubongo kwenye visahani. Si zile seli za neva ambazo kila mtu huzisifia, bali jirani zao, astrositi, zenye mikono mingi kama nyota iliyochorwa na mtoto. Wanafunzi wakimwuliza zina kazi gani, alikuwa na jibu lake moja ambalo hakulichoka.

"Seli za neva zinaongea kwa kumwagiana kemikali iitwayo glutamati," alikuwa akiwaambia. "Ni kitu kizuri, bila hicho hukumbuki hata jina la mamako. Lakini kikishafikisha ujumbe lazima kiondolewe upesi. Kikibaki, kinaendelea kuzichokoza neva mpaka zinakufa. Sasa anayekiondoa ni astrositi. Ana vijilango mwili mzima, anavuta glutamati pamoja na chumvi, anaifungia ndani, kelele zinaisha. Ni kama mama mwenye nyumba. Wageni wanapiga soga, yeye anaondoa vyombo."

Mradi wao ulikuwa kuviziba vijilango hivyo kwa makusudi, waone kinachotokea. Walikuwa na kemikali za kununua zinazojulikana kwa kazi hiyo. Moja hukaa mlangoni kama mtu mnene kwenye ngazi nyembamba, haiingii wala haipishi. Nyingine ni janja zaidi, hujifanya glutamati, ikabebwa ndani, na kila inapoingia hutoa nje glutamati ya kweli iliyokwisha kuhifadhiwa. Darubini aliichukia hiyo ya pili kama mtu anavyomchukia tapeli aliyewahi kumkaribisha chai. Baada ya kuzizoea hizo, Profesa aliwatuma watafute vizuizi visivyojulikana katika vitu vya kawaida vya madukani, dawa ya mbu, dawa ya panya, rangi ya ukuta, wino. Walitaka kujua kipi kati ya hivyo kinaziba mlango.

Darubini alileta mafuta ya mama yake.

Mafuta hayo yalikuwa meupe, laini, yenye harufu ya waridi, kwenye kikopo cha kifuniko cha buluu. Mama aliyatengeneza jikoni kwake katika beseni, kwa mwiko ambao haukuguswa na kazi nyingine, na wanawake wa mtaa ule na mitaa ya jirani waliyajia kwa ajili ya madoa ya uso. Ukitaka kuonja ulimi wa Mama, yaite mkorogo. "Mkorogo ni wa wasio na haya," angekuambia. "Mimi natengeneza mafuta ya madoa." Baba alikufa mapema, na ni beseni hilo lililowalea mabinti wawili mpaka mmoja akafika kwenye koti jeupe la maabara. Darubini mwenyewe hakuyapaka, kwa kuwa marashi humpigisha chafya, lakini aliyaamini kama mtu anavyouamini mlango wa kwao. Wenzake kazini pia aliwaletea. Alipoweka kikopo mezani alikuwa anatabasamu.

Jaribio lilifanywa kwa kufumba macho. Jamaa wa meza ya pili, ambaye wote walimwita Jirani, alivibandika visahani vipande vya karatasi za rangi bila kumwambia Darubini rangi ipi ni ya nini, mkono wake usije ukampendelea mtu. Darubini akazitilia seli glutamati yenye alama ya mnururisho, akangoja, akazisuuza kwa maji baridi ya chumvi, akazivunja na kuzipeleka kwenye mashine ya kuhesabu. Hesabu ikiwa kubwa, seli zimevuta, milango iko wazi. Ikiwa ndogo, imezibwa.

Kisahani cha njano kilitoka na hesabu ndogo kuliko vyote. Kilikishinda hata kile chenye kizuizi cha kununua, ambacho ndicho kilichokuwa kipimo chao cha ubaya. Darubini alifurahi, na furaha hiyo aliikumbuka baadaye kwa aibu.

"Tumempata," alisema. "Njano ni jambazi. Nadhani ni dawa ya panya."

Jirani alisogea akaisoma mashine, akarudi nyuma hatua, akaisoma tena.

"Uliangalia kama seli zilikuwa hai?" aliuliza.

"Niliziangalia kwenye hadubini kabla ya kuzivunja. Zilikuwa hai, hazina neno. Zimefungiwa milango tu. Ndiyo dawa ya panya, siyo?"

"Dawa ya panya ni kijani."

"Basi rangi ya ukuta."

"Hiyo ni zambarau." Jirani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, ikawa bado haimtoshi, akaivua tena. Alikuwa mtu wa mzaha kutwa, na Darubini alingoja mzaha huo uje. "Njano ni yako, Dada. Ni mafuta ya mama."

Darubini alicheka. Kicheko kilitoka kabla hajakituma, kikafa katikati. Alijikuta amekaa kwenye kigoda na hakukumbuka kukaa. Alikitazama kile kikopo chenye kifuniko cha buluu, kimekaa pale mezani kwa adabu zake zote kati ya dawa ya panya na wino, akahisi kama mtu aliyemkuta mama yake mzazi amesimama kwenye gwaride la wezi, na shahidi ananyoosha kidole.

"Umechanganya," alisema.

"Inawezekana," alisema Jirani kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha zaidi.

Profesa alipoambiwa alisema neno moja tu, rudia. Wakarudia kwa seli nyingine, na kikopo kingine ambacho Darubini alikuwa nacho mkobani ampelekee jirani yake wa nyumbani. Safari hii hakuna aliyefumba macho. Hesabu ikatoka ile ile. Profesa alikuna kidevu, akasema, "Mlango haukuzibwa na mtu mnene. Kuna kitu kimeung'ata. Kesho tia dawa ya kukamata metali, tuone kama mlango utafunguka."

Metali. Darubini alijua neno hilo lilikoelekea. Alitoka nje kwenye ngazi za nyuma, akatoa simu, akampigia mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Kobe. Mwalimu wa darasa la pili ndiye aliyembandika jina hilo, kwa kuwa alikuwa wa mwisho kunakili, wa mwisho kujibu, wa mwisho kuelewa kichekesho, na jina likamganda kuliko gundi. Alirudia madarasa mpaka akawa mrefu kuliko madawati, kisha akaacha, akajifunza kushona vifungo na kupindia sketi kwa fundi wa nguo. Hakuwa na kinyongo na mtu. Nyumbani walimpenda na kumtania kwa pumzi moja. Mama alikuwa akisema mbele za wageni kwamba Mungu alimpa akili zote yule wa kwanza, wa pili akampa moyo, na Kobe alikuwa akicheka pamoja nao, akichelewa kidogo. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa, na kwa kuwa mumewe ni dereva wa masafa marefu, alikuwa amehamia kwa Mama mpaka ajifungue.

"Dada," alisema Kobe simuni. "Nimeshindwa kutunga uzi leo tena. Vidole vinacheza vyenyewe. Fundi amenifukuza nikapumzike."

"Na usingizi?"

"Sina. Na midomo ina ganzi. Mama anasema ni mimba."

Dalili hizo Darubini alikuwa amezisikia kwa wiki nyingi, na yeye pia alikuwa amesema ni mimba. Alishika reli ya ngazi.

"Nisikilize, mdogo wangu. Yale mafuta ya Mama, unayapaka?"

"Tumboni. Asubuhi na jioni. Mama ananipaka mwenyewe, eti ngozi isipasuke. Ananipikia ya kwangu peke yangu, mazito zaidi."

"Usipake tena mpaka nije."

"Yameharibika?"

"Usipake tu. Na Mama asikupake. Mwambie mwili unawasha, mwambie chochote."

"Mama atanuna," alisema Kobe, na akacheka. "Haya, Dada."

Kesho yake waliitia ile dawa ya kukamata metali, na milango ikafunguka. Mashine ilihesabu vizuri kabisa, seli zikavuta glutamati kana kwamba hazijawahi kunyanyaswa na mtu. Siku zote jibu safi namna ile lilikuwa likimpa Darubini raha. Siku hiyo alitamani mashine ife. Watu wa kemia wa ghorofa ya chini walipewa kijiko cha mafuta, wakapandisha jibu kwa simu kabla ya mchana. Profesa aliipokea, akasikiliza, akasema asante.

"Zebaki," alisema. "Na si chembe. Wameniuliza kama tumechota kwenye kipima joto."

Profesa, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona ameduwaa, alivuta droo ya meza yake taratibu, akatoa kikopo cha kifuniko cha buluu kilichokwisha nusu, akakiweka juu ya meza. Alikuwa na madoa mashavuni siku zile, akayapata mafuta hayo kwa Darubini, akasifu. Alikitazama kikopo, akavitazama vidole vyake, akavinyoosha mbele ya macho yake kuona kama vinatulia.

"Nenda nyumbani," alimwambia Darubini. "Mimi nitajipeleka hospitali, na humu ndani kila aliyepaka atanifuata. Wewe nenda kwenu, sasa hivi."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wazee, na hawakusema kwamba wakati mwingine ni wewe uliyeifua nguo yenyewe na kuipiga pasi.

Alimkuta Mama jikoni, beseni mbele yake, mwiko mkononi. Jua liliingia kwa dirisha la nyuma likayamulika mafuta, nayo yakang'aa vizuri, na harufu ya waridi ikampigisha Darubini chafya kama kawaida yake.

"Huyo kaja," alisema Mama bila kugeuka. "Nilijua tu. Mdogo wako kanikatalia mafuta tangu jana, eti anawashwa. Mtoto yule hajui kudanganya. Umemwambia nini?"

"Mama, weka mwiko chini."

"Yatashika donge."

"Yaache yashike." Darubini alivuta kiti akakaa karibu naye, na yote aliyoyapanga njiani yakamtoka kichwani. Akasema kama yalivyokuja. "Tumeyapima mafuta kazini. Niliyapeleka mwenyewe, kwa kujivuna. Yana zebaki, Mama. Zebaki ni sumu. Inaingia kwenye ngozi, inakwenda mpaka kwenye ubongo, inaziba kule ambako uchafu unatolewa. Mtu anatetemeka, halali, midomo inakufa ganzi."

Mama aligeuka. Alikuwa mwanamke wa uso mwororo usioonyesha umri, tangazo la mafuta yake mwenyewe, na uso huo sasa ulikuwa umekaza.

"Mimi mchawi, basi," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema nawapaka watu sumu. Nimekusomesha ili uje unihukumu jikoni kwangu. Mikono hii inakoroga mafuta tangu hujazaliwa, mbona sijafa?"

Akainyoosha mikono yake mbele ya uso wa bintiye, iwe ushahidi. Ilitetemeka. Ilitetemeka wazi, vidole vyote kumi, kama mikono ya mtu aliyetoka kuoga maji ya baridi. Wote wawili waliitazama. Kwa miaka mingi walikuwa wamezoea kusema ni uzee, ni chai nyingi, na chai ya Mama ilikuwa ikimwagika kwenye kisahani kila siku na hakuna aliyejiuliza, hata Darubini, mchunguzi wa kila kitu. Mama aliishusha taratibu, akaifuta kwenye kanga yake, akaificha.

"Unatia nini humo?" aliuliza Darubini.

"Mafuta, nta, marashi. Na ule unga mweupe."

"Unga gani? Uko wapi?"

Mama alitazama dirisha la nyuma. Darubini alifuata macho yake, akatoka uani, na nyuma ya pipa la maji, chini ya karai lililofunikizwa na kugandamizwa kwa jiwe, akakuta debe lililofungwa mfuko juu ya mfuko, na kamba juu ya mifuko. Hakulifungua. Alirudi akasimama mlangoni, na alichotaka kuuliza kilikuwa kinamwogopesha kuliko debe lenyewe.

"Unga wa kupikia uko kabatini," alisema. "Sukari iko kabatini. Hata mafuta ya taa unayaweka ndani. Huu kwa nini uko nje, Mama? Kwa nini umeufunga hivi?"

Kobe alikuwa amefika bila kusikika. Alisimama kwenye mlango wa chumbani, mkono mmoja juu ya tumbo, nywele hazijachanwa, amechoka kwa kukosa usingizi. Mama alimwona, na kitu kikavunjika usoni mwake. Alikaa kwenye kigoda pale pale alipokuwa, beseni katikati ya miguu yake.

"Yule aliyeniuzia mara ya kwanza aliniambia," alisema. "Aliniambia mjamzito asiukaribie."

Darubini alikuwa amejiandaa kwa Mama asiyejua kitu. Njia nzima alikuwa amemtafutia Mama utetezi, akamwona ametapeliwa, hana hatia, na sasa hakujua pa kuuweka utetezi ule.

"Ulijua," alisema. "Ulijua, na unampaka tumboni?"

"Nilijua unga," alisema Mama, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Unga mkavu, ukiuvuta puani. Nikasema ukishaingia kwenye mafuta umetulia, umekwisha. Kama chumvi ikishaingia kwenye mchuzi, utaiona wapi? Wanawake wangapi wamepaka, na nyuso zao zimetakata. Ningempaka mwanangu kitu kibaya? Nilimpikia yake mazito kwa sababu ni wangu."

Hapo Darubini aliamini kila neno, na kuamini huko hakukumpunguzia kitu. Mama alipenda kwa kuzidisha kipimo.

"Na sisi?" aliuliza. Lilimtoka tu, kwa mazoea ya kazi, ya kutaka kujua kisahani kipi kilitiwa nini. "Ulipokuwa na mimba zetu ulikuwa unakoroga?"

Mama aliinamisha kichwa.

"Yako ilinikataa," alisema. "Nikisikia tu harufu ya jiko natapika. Niliacha mimba nzima, na nilipokuwa nakunyonyesha sikugusa beseni, baba yenu alikuwa hai. Ya mdogo wako... Baba yenu alikuwa ameshakufa. Na sikutapika hata siku moja. Nilisema mtoto huyu mpole, haniletei shida. Nilikoroga mpaka siku ya uchungu."

Maisha yao yote yalikuwa yamesimama juu ya hadithi moja, kwamba mmoja alizaliwa na akili na mwingine na moyo, hadithi ya kuchekesha wageni, na Darubini alikuwa amepanda juu ya hadithi hiyo darasa kwa darasa mpaka kwenye koti jeupe bila kuona mtu aliyekuwa chini yake. Visahani viwili, seli za mama mmoja. Kimoja kilitiwa kitu na kingine hakikutiwa. Alikuwa akilifanya jaribio hilo kila siku ya kazi, na hakuwahi kuliona lililokuwa mezani kwao wakati wa chakula.

Kobe alielewa kwa kuchelewa, kama siku zote. Walimwona anaelewa. Alimtazama Mama, akamtazama dada yake, midomo yake yenye ganzi ikawa inatafuta pa kuanzia.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "sikuwa mvivu?"

Darubini alifungua kinywa. Mtafiti ndani yake alijua kwamba hakuna mashine ya kujibu swali hilo, kwamba watu huzaliwa wazito bila zebaki na wepesi pamoja nayo, kwamba kisahani si mtoto. Lakini aliyeuliza hakuwa mwanafunzi wake.

"Hukuwa mvivu," alisema. "Hukuwa mvivu hata siku moja."

"Nilikuwa najitahidi," alisema Kobe. "Nilikuwa nakaa na kitabu mpaka macho yanauma. Mwalimu alikuwa anasema sijitahidi." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikuwa najitahidi, Dada."

"Najua."

"Hukujua," alisema Kobe bila hasira, na ilikuwa kweli.

Mama aliinuka, akalikamata beseni apate kulimwaga, na Darubini akamzuia kwa sauti, akamwambia asilimwage popote, asiliguse, anawe mikono kwa sabuni, watakuja watu wenye vifaa. Mama alitii kama mtoto. Alinawa muda mrefu mno, mgongo umewageukia, mabega yanatikisika, na hakuna aliyejua ni mikono inayotetemeka au ni kilio. Kobe ndiye aliyemwendea. Alimfungia bomba, akampa taulo, akamsugua mgongo kama anavyosuguliwa mtoto mwenye kwikwi. Darubini alisimama pale akiwatazama na hakuweza kusogea, kwa sababu alikuwa bado na hasira na hakuwa na moyo wa mdogo wake.

Walikwenda hospitali wote watatu kwa teksi, madirisha wazi. Njiani Mama alianza kuwataja wateja wake mmoja mmoja kwa mitaa yao, akiwahesabia wajawazito, na alipofika kwa mmoja akajiziba mdomo kwa kanga. Darubini alimwambia kwamba jioni watawapitia wote, nyumba kwa nyumba. Hakumwambia itakuwaje wakifunguliwa milango.

Pale mapokezi muuguzi aliwauliza mgonjwa ni nani.

"Tuandike wawili," alisema Mama. "Anza na huyu."

"Jina?"

"Kobe," alisema Mama kwa mazoea, na akajing'ata ulimi.

"Hilo ni la nyumbani," alisema Kobe. Akamtajia muuguzi jina lake, la kwake, la baba na la babu, akilitamka taratibu herufi kwa herufi ili liandikwe sawasawa. Darubini alishtuka kwamba lilikuwa jina zuri, na kwamba ilikuwa imepita miaka tangu alipolisikia kwa mara ya mwisho.

Walikaa kwenye benchi kungoja vipimo vya mkojo. Kobe aliuchukua mkono wa dada yake, akauweka juu ya tumbo lake, pale ambapo mafuta yalikuwa yakipakwa asubuhi na jioni. Mtoto alipiga teke, na Darubini aliyeijua milango yote ya seli aliutazama mkono wake ukiruka.

"Na huyu?" aliuliza Kobe. "Huyu atakuwa mwepesi?"

"Sijui," alisema Darubini. Ndilo jibu pekee alilokuwa nalo, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake lilimwuma. "Ila tangu jana hajapakwa."

Kobe alifikiri, bila haraka. Kisha akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Akiwa mzito," alisema, "msimbandike jina."